Pima Kwanza, Chemsha Baadaye: Mwongozo wa Afya kwa Mwanamke wa Kigoma Aliyepita Miaka Arobaini

Waulize akina mama wanaoanika dagaa pale Kibirizi wanatumia nini kwa magoti yanayouma, hutakosa jibu: mwarobaini, mlonge, tangawizi na kitunguu saumu vilivyotwangwa pamoja, au mizizi ya mzee fulani wa Ujiji ambaye kila mtu anamjua isipokuwa wewe. Sasa waulize presha zao zinasomaje. Wachache watakujibu.

Sina ugomvi na mitishamba. Mchaichai nakunywa kila jioni na sina mpango wa kuacha. Ninachogombania ni mpangilio: kipimo kitangulie, chakula na mazoezi vifuate, mizizi ije baada ya hapo, tena ukiwa unajua inatibu nini. Ukianza na mizizi, unaweza kuifuga presha miaka mitano huku ukiamini unatibu uchovu.

Mwongozo huu ni wa mama wa kuanzia miaka arobaini hivi. Kama hujafika huko, msomee mama yako au shangazi yako.

Hatua ya kwanza: jua uko kipindi gani

Kukoma hedhi hakutokei kwa siku moja. Kwa wanawake wengi hutokea kati ya miaka 45 na 55, na kabla ya hapo kuna miaka kadhaa ya vurugu: mwezi huu damu nyingi, mwezi ujao hakuna, ule mwingine inakuja mara mbili. Unahesabiwa umekoma pale utakapomaliza miezi 12 mfululizo bila kuona damu, na sababu isiwe mimba, kunyonyesha wala njia ya uzazi wa mpango. Hedhi ikikatika kabla ya miaka 40, nenda hospitali. Hiyo ni mapema mno na mifupa itadai mapema vilevile.

Kinachotokea ni kwamba ovari zinapunguza kutengeneza homoni ya estrojeni. Homoni hiyo haikuwa ya uzazi peke yake. Ilikuwa inalinda mifupa na mishipa ya damu, inalainisha uke na njia ya mkojo, na kuusaidia ubongo kuratibu joto la mwili. Ndiyo maana dalili zinatoka kila upande: joto linalopanda ghafla kutoka kifuani hadi usoni, jasho usiku, usingizi wa kukatikakatika, hasira za karibu, ukavu ukeni, mkojo wa mara kwa mara, viungo kukaza asubuhi. Hujarogwa, na mume hajakuletea kitu. Ila kumbuka tunaishi kwenye malaria: jasho la usiku likiambatana na homa, baridi na kichwa kuuma, usiseme "ni umri", kapime damu.

Jambo moja linalowashangaza wengi: kuruka kwa hedhi si uzazi wa mpango. Mwenye chini ya miaka 50 anashauriwa aendelee na kinga mpaka miaka miwili ipite tangu hedhi ya mwisho. Aliyevuka 50, mwaka mmoja. Mimba ya miaka 47 ipo, na ina hatari zake.

Hatua ya pili: weka siku ya mwezi

Hedhi ilikuwa inakukumbusha tarehe. Ikiondoka, unahitaji kikumbusho kingine, na kwa mtu wa ziwani kipo juu angani. Dagaa huvuliwa gizani kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu taa hazina nguvu ya kuwavuta, boti nyingi hukaa ufukweni. Siku hizo za mbalamwezi ndizo mama wa dagaa anazotumia kusuka nywele, kudai madeni na kulala mchana. Chukua nusu saa ya siku moja kati ya hizo. Mama wa Kasulu au Kibondo asiye na habari na boti achague siku inayofuata gulio.

Katika nusu saa hiyo chunguza matiti. Simama mbele ya kioo kifua wazi, mikono chini, kisha mikono juu, kisha viganja kiunoni ukibana. Tazama kama titi moja limebadilika umbo, ngozi imebonyea au imekuwa na vishimo kama ganda la chungwa, chuchu imeingia ndani, au kuna kidonda kisichopona. Halafu lala chali, weka mkono wa kushoto chini ya kichwa, na kwa vidole vitatu vya mkono wa kulia zungusha titi la kushoto lote kwa miduara midogo, ukibonyeza kidogo, kisha wastani, kisha kwa nguvu mpaka uhisi mbavu. Usiache kwapa. Geuza upande. Kama bado unaona hedhi, fanya hivyo siku chache baada ya damu kukata, matiti yakiwa hayajajaa. Kujichunguza huku hakuchukui nafasi ya mkono wa mhudumu wa afya, lakini anayelijua titi lake huona mabadiliko mapema. Uvimbe wa titi mara nyingi si saratani; hilo nalo alithibitishe mtu wa hospitali, si jirani.

Pima kiuno bila futi. Chukua kamba, ipime kutoka kisigino hadi utosini, ikate, ikunje katikati, kisha izungushe tumboni usawa wa kitovu ukiwa umepumua kawaida. Ncha zisipokutana, kiuno chako kimezidi nusu ya urefu wako, na mafuta ya tumboni ndiyo yanayovuta sukari na presha. Ukiwa na futi, sentimita 80 kwa mwanamke ndiyo mahali pa kuanza kuwa macho.

Kisha andika. Daftari la shule la mtoto linatosha: tarehe, kamba imekutana au haijakutana, presha kama ulipimwa, damu kama ilionekana, dawa na mizizi unayotumia. Daftari hilo litakuwa na faida kubwa siku ukikutana na daktari mgeni mwenye dakika kumi za kukusikiliza.

Hatua ya tatu: vipimo vya hospitali

Hapa ndipo penye uzito. Vitatu ni vya lazima.

*Presha.* Angalau mara moja kwa mwaka, hata ukijisikia mzima kabisa, kwa sababu presha haina tabia ya kuuma. Kipimo kibaya ni kibaya kuliko kukosa kipimo, kwa hiyo simamia haki yako. Ukipanda kwa miguu barabara ya Lumumba kutoka stesheni mpaka Mwanga halafu ukapimwa hapo hapo, utaandikiwa presha ya mlima. Kaa dakika tano kwanza. Haja ndogo uwe umemaliza. Mgongo uegemee kiti, miguu yote miwili chini bila kuikunja nne, mkono ulale juu ya meza usawa wa moyo, mpira ufungwe kwenye ngozi si juu ya sweta, na usiongee. Kahawa iwe imepita nusu saa. Chini ya 120 kwa 80 uko vizuri. Ukifika 140 kwa 90 au zaidi kwa siku mbili tofauti, hiyo ni presha, na dawa utakazopewa ni za kila siku. Kuacha kwa sababu "imeshuka" ndiko kunakowaangusha wengi. Imeshuka kwa sababu ulikuwa unameza.

*Sukari.* Nenda asubuhi bila kula wala kunywa chai kwa saa nane. Ikisoma 7.0 mmol/L au zaidi, na kurudiwa siku nyingine ikasoma hivyo, ni kisukari. Kati ya 6.1 na 6.9 umepewa onyo, na hapo ndipo chakula na kutembea vinaweza kukurudisha nyuma. Waliowahi kupata sukari wakati wa ujauzito, au kuzaa mtoto wa kilo nne na zaidi, wapimwe kila mwaka bila kukosa.

*Mlango wa kizazi.* Saratani hii ndiyo inayowapata wanawake wengi zaidi nchini kwetu, na ndiyo inayozuilika kuliko nyingi. Husababishwa na kirusi cha HPV kinachopitia kwenye ngono, na huchukua miaka mingi kutoka uambukizo mpaka saratani. Miaka hiyo ndiyo nafasi yako. Kipimo kinachopatikana zaidi hutumia siki nyepesi: unalala kitandani, nesi anaweka kifaa cha kufungua uke, anapaka dawa kwenye mlango wa kizazi, anasubiri kama dakika moja, anaangalia kwa taa. Sehemu yenye mabadiliko hugeuka nyeupe. Ikionekana ndogo inatibiwa kwa baridi kali au kwa joto, mara nyingi siku hiyo hiyo, na unarudi nyumbani kwa miguu yako. Hakuna kisu. Nenda na kanga ya kujifunika, usiwe kwenye hedhi, na siku mbili kabla usiingize kitu chochote ukeni.

Wanaolengwa zaidi ni wa miaka 30 hadi 50. Anayeishi na virusi vya Ukimwi aanze mapema zaidi, miaka 25, na arudie mara nyingi kuliko wengine kama kliniki yake itakavyompangia. Na hapa kuna jambo ambalo akina mama hawaambiwi vya kutosha: baada ya kukoma hedhi, sehemu inayopaswa kuonekana hurudi ndani ya mlango wa kizazi, na kipimo cha siki hakiaminiki tena. Usiseme utapima ukistaafu. Kama umeshapita hapo, ulizia kipimo cha HPV chenyewe, ambacho hakitegemei macho ya nesi. Ute unachukuliwa kwa kijiti, na kwa baadhi ya vipimo mama anajichukulia mwenyewe. Anzia kituo cha afya au kliniki ya mama na mtoto iliyo karibu nawe, uliza siku zao za kupima. Wasipokuwa na huduma watakuelekeza, hata mpaka Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Maweni.

Ukiwa na binti au mjukuu wa miaka 9 hadi 14, chanjo ya HPV ipo bure na tangu 2024 ni dozi moja tu. Maneno ya kwamba inafunga kizazi yapuuze.

Macho na meno pitia ukiwa umeshafika hapo hapo. Ukiona ukungu usioondoka kwa kupangusa, huenda ni mtoto wa jicho, nao hutibika kwa upasuaji mfupi; matone ya mitishamba machoni usithubutu.

Hatua ya nne: jiko

Mwanamke aliyevuka miaka 50 anahitaji kalsiamu karibu miligramu 1,200 kwa siku. Kikombe cha maziwa kina takriban 300, na maziwa kwetu si ya kila nyumba. Lakini tuna dagaa, na dagaa huliwa na mifupa yake. Hapo ndipo ulipo utajiri wenyewe. Mama anayekaa na ungo akiwang'oa dagaa vichwa mmoja mmoja kwa sababu ni vichungu anatupa sehemu ya kile alichokinunua. Waoshe kwa maji vuguvugu mara mbili tatu mpaka mchanga uishe, wakaange kidogo bila mafuta mpaka walie kwenye sufuria, kisha wapike wazima. Vichwa vikikushinda, visage viwe unga, tia kijiko kwenye maharage, hakuna atakayejua. Ukinunua, chagua waliokauka juu ya vichanja kuliko waliotandazwa mchangani, na wasiwe na harufu ya ukungu. Ziwa likifungwa kwa uvuvi, kama lilivyofungwa kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti 2024, bei hupanda, kwa hiyo weka akiba kwenye ndoo kavu yenye mfuniko.

Mawese sasa. Najua nagusa pabaya. Mafuta haya mekundu yana karotini nyingi, ambayo mwili huigeuza vitamini A, na yana vitamini E. Yana pia nusu yake ya mafuta mazito, yale yanayopandisha lehemu mbaya kwenye damu, na baada ya kukoma hedhi moyo hauna tena ulinzi uliokuwa nao. Mgebuka wa mawese usiuache, punguza mkono. Kijiko kimoja cha chakula kwa kila mlaji kinatosha kutia rangi na ladha. Na wale wanaoyaunguza mpaka wekundu upotee, wajue wameunguza kile kilichokuwa na faida na kubakiza kile kizito.

Chumvi: isizidi gramu tano kwa siku, yaani kijiko kidogo cha chai kisichojaa, ukijumlisha na ile iliyomo kwenye samaki wa chumvi na viungo vya pakiti. Samaki wa chumvi alowekwe usiku kucha na maji yabadilishwe. Chumvi hata ikiwa ya Uvinza hapa kwetu, hakikisha ni ile iliyotiwa madini joto, itunze imefunikwa, na uitie mwishoni chakula kikikaribia kuiva ili madini yasipotee.

Ugali wa muhogo unashibisha lakini una protini kidogo sana. Mwili unaozeeka unapoteza nyama za misuli, kwa hiyo kila sahani ya ugali iwe na maharage, dagaa, karanga au yai pembeni, na mboga za majani zichukue nafasi kubwa kuliko unavyozipa sasa: matembele, mchicha, kisamvu. Punguza tonge, ongeza mboga. Chai ya rangi isinywewe na chakula, inazuia chuma kufyonzwa. Isubiri saa moja. Na soda ya mchana ya kila siku kwa mama mwenye sukari ya 6.5 sina namna ya kuitetea.

Asali ya Tabora ni nzuri kwa kikohozi. Kwa sukari, ni sukari.

Hatua ya tano: mifupa, misuli na nyonga

Wengi wetu tunasema "mimi nafanya kazi ngumu, sihitaji mazoezi". Kuinama juu ya vichanja siku nzima ni kazi, ila inachosha mgongo bila kuimarisha mapaja, na mapaja ndiyo yanayokuzuia usianguke. Katika miaka ya kwanza mitano hadi saba baada ya kukoma hedhi, mwanamke anaweza kupoteza hata asilimia 20 ya uzito wa mifupa yake. Akianguka bafuni akavunja nyonga, maisha ya nyumba nzima hubadilika.

Lengo ni dakika 150 za mwendo wa haraka kwa wiki, ule ambao unaweza kuongea lakini huwezi kuimba. Nusu saa kwa siku tano. Milima ya Kigoma ni zawadi hapa. Panda taratibu, shuka kwa tahadhari, na vaa viatu vilivyofunga kisigino, si kandambili.

Halafu kiti. Tafuta kiti kisicho na mikono, kiegemeze ukutani. Kaa, pishanisha mikono kifuani, simama wima kabisa, kaa tena. Hesabu mara ngapi unaweza kwa sekunde 30. Mwanamke wa miaka 60 hadi 64 asiyefikisha mara 12 yuko chini ya wastani wa rika lake. Wa 65 hadi 69, mara 11. Wa 70 hadi 74, mara 10. Ukiwa chini, zoezi ndilo hilo hilo: mara nane hadi kumi, asubuhi na jioni, kila siku mbili uongeze moja. Baada yake simama kwa mguu mmoja ukiwa karibu na ukuta, sekunde kumi kila upande.

Sasa suala ambalo hulisemi hata kwa shoga yako. Ukicheka mkojo unatoka. Ukibeba ndoo unahisi kitu kinashuka. Kwa mama aliyezaa watoto sita, saba, misuli inayoshikilia kibofu na kizazi imelegea, na kupungua kwa estrojeni kunaongeza. Hii haitibiwi kwa kukaa juu ya mvuke wa majani, ambao umewaunguza watu sehemu zisizosemeka. Inatibiwa kwanza kwa zoezi. Jifanye unazuia mkojo na hewa kwa wakati mmoja, ukivuta misuli kwenda ndani na juu. Tumbo, makalio na mapaja yasisaidie, na pumzi isizuiwe. Bana sekunde tano, achia sekunde tano. Ikikuwia rahisi, fikisha kumi. Mara kumi, asubuhi, mchana na usiku. Unaweza kufanya ukiwa dukani, ndani ya daladala, au kanisani wakati wa mahubiri marefu. Usilifanye ukiwa unakojoa kweli, isipokuwa mara moja tu kuitambua misuli yenyewe. Matokeo huanza kuonekana baada ya wiki kadhaa, na lipe zoezi miezi mitatu kabla ya kusema halifanyi kazi. Kabla ya kukohoa au kunyanyua mzigo, bana kwanza. Na ndoo ya lita 20 ni kilo 20: igawe kwenye madumu mawili, mwambie na kijana wa nyumbani naye ana mikono. Ukiona au kugusa nyama inayochungulia ukeni, nenda hospitali. Kuna vifaa vya kushikilia kizazi na kuna upasuaji.

Moshi wa kuni na wa kubanika samaki nao ni adui wa mapafu na macho: pikia mahali penye upenyo, kuni zikauke. Ugoro, ambao akina bibi wengi wanauona si tumbaku, ni tumbaku.

Hatua ya sita: mitishamba, kwa jina na kwa kiasi

Kanuni zangu ni tatu. Mmea mmoja kwa wakati mmoja, ili ukikudhuru ujue ni upi. Majani na viungo vya jikoni kwanza, mizizi na magome mwisho, maana mara nyingi huko ndiko sumu hukaa. Na usiache kidonge cha hospitali kwa ajili ya kikombe.

Mlonge: unga wa majani ni chakula chenye kalsiamu, chuma na protini, kijiko kimoja cha chai kwenye uji kwa siku kinatosha. Mizizi ya mlonge na maganda yake iache, ina sumu inayogusa mishipa ya fahamu. Mwarobaini hushusha sukari, na hapo ndipo ubaya wake ulipo kwa anayemeza dawa za kisukari: viwili vikikutana sukari inaweza kushuka mpaka uanguke. Mafuta yake hayanywewi kabisa. Choya, ile rozela nyekundu, imeonekana kwenye tafiti kushusha presha kidogo. Inywe bila sukari, na kama unameza dawa za presha mwambie daktari na ujipime.

Tangawizi inasaidia kidogo maumivu ya magoti na kichefuchefu. Kitunguu saumu ni kizuri mchuzini. Vyote viwili kwa wingi hupunguza damu kuganda, kwa hiyo anayemeza dawa za kuyeyusha damu asizidishe kiasi cha mboga, na anayesubiri upasuaji aache kujidozi wiki mbili kabla. Kitunguu saumu ukeni kinaunguza. Uke hujisafisha wenyewe. Nje maji yanatosha, ndani usiingize sabuni, majani, ubani wala zile lulu zinazouzwa mtandaoni kwa jina la kusafisha kizazi. Kwa ukavu kuna vilainishi vya maji kwenye maduka ya dawa, na kuna krimu ya estrojeni ambayo daktari huandika.

Soya, maharage yake au unga kwenye uji, ina kemikali zinazofanana kwa mbali na estrojeni, na baadhi ya wanawake hupata nafuu ya joto la ghafla. Nafuu ni ndogo na inachukua wiki kadhaa. Kwa joto hilo mambo madogo yana nguvu kuliko tunavyodhani: lala na kanga ya pamba badala ya blanketi zito, acha pilipili na kahawa jioni, weka chombo cha maji na kitambaa karibu na kitanda, na chandarua kibaki mahali pake. Likikunyima usingizi kila usiku, ipo tiba ya homoni hospitalini. Kwa mwanamke aliye chini ya miaka 60 na hajapitisha miaka kumi tangu akome hedhi, asiye na historia ya saratani ya matiti, kiharusi au damu kuganda, faida zake kwa kawaida huzidi hatari. Ni mazungumzo ya daktari, si ya duka.

Udongo wa kula nao tuseme. Hamu yake mara nyingi huja na upungufu wa damu, na wenyewe unazuia chuma kuingia mwilini. Pima damu, tibu upungufu, hamu huondoka.

Na kuna unga wa magoti. Ukiuziwa unga usio na jina, ukalala usiku mmoja ukaamka unaruka, shuku. Sehemu nyingi duniani dawa kama hizo zimekutwa zimechanganywa na steroidi (dawa kali za kutuliza uvimbe) au dawa za maumivu za kiwandani bila mnunuzi kuambiwa. Ukizitumia miezi, uso unavimba na kuwa wa duara, presha na sukari zinapanda, mifupa inalika. Ukiwa umeshazitumia muda mrefu usizikate ghafla. Nenda hospitali na kopo lake. Vidonge vya diklofenaki unavyomeza kila siku bila cheti navyo havina tofauti sana: tumbo, figo na presha ndivyo vitalipa. Waganga wetu wanasajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, lililoundwa kwa sheria ya 2002. Muulize wako cheti. Anayekasirika kwa swali hilo umeshapata jibu.

Hatua ya saba: usiyosubiri nayo

Damu yoyote ukeni baada ya miezi 12 ya ukimya, hata tone, hata mara moja. Mara nyingi si saratani, lakini haiitwi "hedhi imerudi" mpaka ichunguzwe. Damu baada ya tendo la ndoa. Majimaji yenye harufu kali yasiyokoma. Uvimbe au badiliko la titi. Tumbo kujaa na kushiba upesi kwa wiki kadhaa. Kukonda bila sababu. Kwa hayo, wiki hii.

Kwa haya, saa hii: uso kupinda upande mmoja, mkono kukosa nguvu, maneno kuvurugika, kifua kubana au pumzi kukatika, hata kama maumivu yako kwenye taya au mgongo, maana kwa wanawake mshtuko wa moyo huweza kujificha hivyo; pia presha ya 180 kwa 120 ikiambatana na kichwa kikali au macho kupoteza nuru.

Huzuni nayo ina mahali pake hapa. Ukiwa umepoteza hamu ya kula, ya kuongea na ya kuamka kwa zaidi ya wiki mbili, mwambie mhudumu kwa maneno hayo hayo. Wajane wanaolea wajukuu peke yao wanabeba mengi, na ugonjwa huu una tiba.

Ukipewa rufaa nje ya mkoa, mara nyingi huwa ni Bugando, Mwanza, au Ocean Road, Dar es Salaam. Beba barua ya rufaa, majibu yote ya awali, kadi ya bima kama unayo, na daftari lako. Aliyefikisha miaka 60 na hajiwezi ajiandikishe serikali ya mtaa au kijiji mapema apate kitambulisho cha matibabu ya wazee, maana kukitafuta siku ya ugonjwa kunachelewesha. Na kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari andika kila mzizi uliokunywa ndani ya mwezi huo, kwa jina unalolijua, hata kama ni la Kiha. Daktari akiuliza "unatumia dawa gani", mitishamba nayo imo kwenye swali hilo.